Kokwet ya Jeddah

Mzee niliyemwendeshea gari Riyadh hakupenda redio. Alipenda maswali. Tukikwama kwenye foleni kutoka Al-Malqa kwenda kwa binti yake, alikaa kiti cha mbele kando yangu, akigeuza tasbihi mkononi na kuniuliza habari za kwetu: ng'ombe wanakula nini, mvua inanyesha miezi gani, mtu akifa anazikwa wapi. Nilimwita baba, kama walivyomwita wafanyakazi wote wa nyumba ile, na nilimjibu kwa Kiarabu changu cha barabarani ambacho kila mwaka kilizidi kunenepa kidogo.

Siku moja akaniuliza, "Sheikh wa kabila lenu ni nani?"

"Hatuna, baba."

"Amekufa?"

"Hapana. Hatujawahi kuwa naye."

Akanigeukia mwili mzima. "Mafi sheikh, hakuna sheikh? Basi mnaishije? Watu wakigombana, nani anasema halas, yamekwisha?"

Nikamwambia mimi ni Mkipsigis, nimetoka kwenye vilima vya chai upande wa Kericho, na kwamba babu zetu hawakuwa na mfalme. Kila kijiji kilikuwa na baraza lake, tunaliita kokwet. Mtu aliyedhulumiwa alipeleka neno lake huko, na majirani wote wakaja kukaa kwenye nyasi na kusikiliza. Alikuwepo mzee wa kufungua na kufunga mazungumzo. Hakurithi kazi hiyo kwa baba yake wala hakuipata kwa wingi wa ng'ombe. Alipewa kwa sababu watu walikuwa wameona miaka mingi kwamba anasikia vizuri na hapindishi maneno ya wenzake. Tulimwita kiruogindet. Hakuwa na askari. Watu wasipokubaliana naye, walimwambia, na wote wakakaa chini tena.

"Na Waingereza?" akauliza mzee, maana alijua walitutawala.

"Walipokuja walitafuta mkubwa mmoja wa kuzungumza naye. Hawakumpata, wakamtengeneza. Wakampa mshahara na kofia, kisha wakamwita kwa jina lile lile la mwamuzi wetu."

Nilitegemea acheke, lakini aligeuza tasbihi mpaka tukapita taa mbili. Kisha akaniambia kwamba babu yake alikuwa sheikh jangwani, enzi za mahema, na kwamba watu wa mjini wanadhani sheikh wa zamani alikuwa mtu wa kuamuru tu. "Mtu aliyechoshwa na babu yangu," akasema, "alipakia ngamia wake asubuhi, akahamia kwa sheikh mwingine. Kwa hiyo babu yangu alikuwa anasikiliza sana." Akagonga dashibodi kwa kidole. "Sana."

Tangu siku ile tukawa na jambo letu la kuzungumza. Mimi nilimweleza ya vilima, yeye akanieleza ya mchanga. Sikuwahi kufikiri kwamba mazungumzo hayo yangekuja kunifaa.

Lazima niseme nilivyoijua kokwet, maana siku hizi wengi wa rika langu wanaijua kwa kusimuliwa tu. Baba yangu alikuwa mmoja wa wazee walioombwa kufungua baraza pale kwetu. Nilipokwisha kuoa na kujenga, niligombana na jirani kuhusu njia ya ng'ombe. Njia ile ilipita pembeni mwa shamba langu kwenda mtoni, nami nikaiziba kwa ua wa miiba ili nipande chai. Jirani akapeleka neno. Siku ya baraza nilikwenda nikiwa na moyo mwepesi, nikijua baba yangu yupo.

Baba alifika, akakaa nyuma kabisa, karibu na watu waliokuja kwa udadisi tu. Mzee mwingine akafungua. Niliongea mpaka nikaishiwa, jirani akaongea mpaka akaishiwa, na kila aliyekuwa na neno akasimama akalisema. Hata mtu mmoja tuliyezoea kumwona mlevi alisema kitu cha maana kuhusu mahali maji yalipokuwa yakipita kabla sisi hatujazaliwa. Hawakupiga kura. Jua lilipoanza kushuka, mambo yalikuwa yamejitenga yenyewe, kama maziwa na siagi. Yule mzee akasimama akarudia yaliyosemwa, ya kila mtu, bila kuongeza lake. Njia ikabaki njia. Niliung'oa ua wangu kwa mikono yangu, na jirani akaja kunisaidia kubeba miiba.

Usiku baba aliniambia sentensi moja tu. "Umesikika," alisema. "Wengi wameshindwa bila kusikika."

Niliondoka Kenya miaka michache baadaye, na sikuwaza tena habari za baraza. Riyadh ina mambo yake ya kuwaza. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nakwenda Al-Suwaidi, kwenye nyumba tuliyopanga madereva na walinzi kadhaa wa Kenya ili tupate mahali pa kupika ugali na kusali pamoja bila kumsumbua mtu. Rafiki yangu wa karibu katika nyumba ile alikuwa mlinzi wa geti, mtu wa kilima cha pili kutoka kwetu. Tulitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo sisi ni rika moja, na kwetu rika ni zaidi ya urafiki. Mtu wa rika lako anaweza kukukaripia mbele za watu nawe ukanyamaza.

Mlinzi huyu alikwenda likizo Kenya, akarudi na zawadi za majani ya chai na hadithi nyingi. Haukupita muda nikapigiwa simu kutoka Jeddah. Aliyepiga alikuwa mwenzetu mwingine wa kule kule kwetu, aliyekuwa akiendesha mashine ya kuinua mizigo kwenye bohari karibu na bandari. Hakunisalimu.

"Mwambie huyo rafiki yako nakuja Riyadh," alisema. "Nikimpata nitamvunja taya."

"Amefanya nini?"

"Amebomoa nyumba yangu."

Ilinichukua muda kuelewa. Mlinzi, akiwa likizo, alikwenda na dada yake kwenye kituo cha kununulia chai, mahali ambapo wakulima hupanga foleni kupimiwa majani waliyochuma. Wanawake wakamuuliza habari za Saudia. Mmoja akauliza mbona yule wa Jeddah amekuwa kimya. Mlinzi akajibu, kwa kicheko, kwamba huyo ana shughuli nyingi, ana mke mwingine huko na mtoto tayari. Alikuwa ameona picha kwenye simu ya mtu: yule wa bohari amesimama na mwanamke Mkenya, amembeba mtoto. Hakujua kwamba ilikuwa sherehe ya mtoto wa mfanyakazi mwenzake wa bohari. Hakuuliza.

Neno likapanda kilima haraka kuliko gari. Mke wa yule wa bohari akafunga nyumba, akachukua watoto, akarudi kwa wazazi wake. Mama mkwe wake, yaani mama wa yule wa bohari, akaugua kwa aibu, akaacha kwenda kanisani.

Nilimwita mlinzi jikoni pale Al-Suwaidi nikamuuliza. Alikuwa akimenya vitunguu.

"Nilisema tu," akajibu. "Watu walikuwa wanacheka."

"Mke wake hakucheka."

Akaweka kisu chini.

Kila mtu katika nyumba ile alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema waachwe wapigane, watapoa. Mwingine akasema kiongozi wa kundi letu la simu aitishe kura, tuamue kama mlinzi ana hatia. Hilo la kura lilinisumbua zaidi. Nikawaambia kura ingetupa kundi la walioshinda na kundi la walioshindwa, na walioshindwa wangerudi vyumbani na hasira zao nzima. Na ni ofisi gani, Riyadh au Kericho, ingesikia kesi ya mzaha uliosemwa kwenye foleni ya chai? Hakuna karatasi iliyopotea, hakuna mfupa uliovunjika. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba babu zangu walikuwa na mahali pa kupeleka hata maneno.

Nikampigia yule wa Jeddah.

"Ukimvunja taya," nikamwambia, "ni kinywa gani kitakachosema kwamba alidanganya?"

Nikasikia mashine za bohari zikipiga honi nyuma yake.

"Unataka nini?" akauliza.

"Tukae. Tukae kokwet."

"Huku? Na nani? Sisi watatu?"

Hapo nikamwambia jambo ambalo nilikuwa nimelisikia kwa baba yangu bila kulitilia maanani. Kokwet haikuwa ya ukoo. Kilima kimoja kilikaliwa na koo nyingi zisizo na uhusiano, na aliyekaa barazani alikaa kwa sababu ni jirani: moshi wa jiko lako unafika kwake, ng'ombe wako wanapita kwake. "Jirani zako Jeddah ni akina nani?" nikamuuliza.

Akafikiri. Akamtaja Mkamba mmoja, dereva wa basi la shule, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja. Akamtaja Mgiriama, mpishi wa hoteli. Akataja wengine wachache. Kisha akasita, akamtaja muuguzi mmoja, dada wa Kitanzania kutoka milima ya Usambaa, aliyewahi kumtibu alipobanwa mkono na kasha, na ambaye tangu hapo alikuwa kama ndugu kwa Wakenya wa mtaa ule.

"Waombe wote," nikasema.

"Hata huyo dada?"

Nilisita na mimi. Kwetu zamani wanawake walikuwa na mabaraza yao, lakini kwenye kokwet walikaa pembeni na kusema walipoulizwa. Najivunia mengi ya babu zangu, lakini hilo sijivunii. "Huyo kwanza," nikasema.

Ikabaki namna ya kufika. Kwetu mkosaji ndiye huenda kwa aliyekosewa, kwa hiyo ilibidi tuende Jeddah. Bahati njema, familia ya mzee wangu ilikuwa ikijiandaa kwenda huko kupumzika karibu na bahari, nami nilitakiwa kuendesha gari la mizigo. Nikamwendea mzee kwenye majlis, sebule yake ya wageni, baada ya sala ya alasiri, nikamwomba ruhusa nimpakie rafiki yangu.

"Kuna nini Jeddah?"

"Kuna kesi, baba."

Uso ukamkunjamana. "Ya polisi? Ya kibali cha ikama?"

"Hapana. Ya watu."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lile lile la siku ya kwanza, ila safari hii aliuliza kwa shauku. "Na nani atahukumu?"

"Sisi sote."

"Wallahi, hii nataka kuiona," akasema, na mwenyewe akampigia kafili, mwajiri wa rafiki yangu, ambaye alimfahamu, kumwombea mapumziko.

Safari ya Riyadh mpaka Jeddah ni ndefu, na kwa mtu anayekwenda kujibu neno ni ndefu zaidi. Mlinzi alikaa kando yangu, amezungukwa na mabegi ya wajukuu wa mzee. Jangwa likapita. Mahali fulani baada ya Taif, barabara ikiteremka kwa mikunjo, akaniuliza, "Utanitetea?"

"Siwezi. Wala sitafungua mimi. Wewe ni rika langu."

"Basi nani?"

"Yule Mkamba."

"Hanijui!"

"Ndiyo maana."

Tulikutana Ijumaa alasiri kwenye nyasi za Corniche, kando ya bahari, mahali familia zinapotandika mikeka na kunywa chai. Hakuna aliyetushangaa. Tulikuwa kundi dogo la watu na chupa zetu za chai na mandazi aliyoleta mpishi. Mbali kidogo, kwenye kiti cha kukunja, mzee wangu alikaa na kahawa yake, ametuelekea sisi, ameipa bahari mgongo.

Yule wa bohari alikuja wa mwisho. Hakumpa mlinzi mkono. Akakaa upande mwingine wa mkeka, amekaza shingo.

Nilikuwa nimemweleza dereva wa basi kazi yake kwa simu: fungua, mpe kila mtu nafasi, usimkate mtu, na mwisho rudia yote, ya kila mmoja, kisha sema lile ambalo wote wamelikaribia. Alikuwa mtu mnene, mpole, shati la buluu limebana tumboni. Akasimama, akafuta miwani.

"Mimi ni Mkamba," akaanza. "Kwetu wazee walikaa nzama. Huyu ndugu wa Kilifi anasema kwao ilikuwa kambi, na hawa wenzetu wa Kericho wanasema kokwet. Naona babu zetu wote walikuwa na tatizo moja: watu wenye midomo."

Kicheko kikapita. Yule muuguzi akanyoosha kidole. "Kwetu Usambaa tulikuwa na mfalme," akasema. "Ingekuwa kwetu, hii ingekwisha kabla chai haijapoa."

"Na mfalme akikosea?" akauliza mpishi.

"Mvua haikunyesha, na wote tukajua kwa nini."

Hata yule wa bohari alitabasamu, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

Akapewa nafasi ya kwanza. Alisema kwa muda mrefu. Alisema jinsi alivyopiga simu nyumbani na simu ikalia kwenye nyumba tupu. Alisema jinsi mwanawe mkubwa, alipompata hatimaye, alivyomuuliza mtoto wake mwingine anaitwa nani. Hakuna aliyemharakisha. Mlinzi naye akapewa nafasi. Alikuwa amejiandaa njia nzima kuanzia Riyadh, nilimsikia akinong'ona peke yake, lakini aliposimama akasema tu, "Niliona picha. Sikuuliza. Nilitaka watu wacheke, nionekane najua mambo ya huku." Akakaa.

Kisha wengine. Mpishi alisema kwao neno la uongo lilichukuliwa kama moto, mwenye kuuwasha ndiye anayeuzima. Mwingine akapendekeza faini. Mwingine akasema aombe msamaha hapa hapa, washikane mikono, yaishe. Wengi wakatikisa vichwa kukubali, na niliona mambo yanaanza kuelekea huko. Dereva wa basi akamgeukia muuguzi.

"Dada, wewe umenyamaza."

"Nina swali moja," akasema. "Yule mke, kuna mtu amemuuliza anataka nini?"

Tulikuwa watu wazima, tumevuka jangwa kuja kumtengenezea mtu nyumba, na mwenye nyumba hakuna aliyempigia simu.

Akapigiwa pale pale, simu ikawekwa sauti juu katikati ya mkeka. Alipokea akidhani ni mumewe peke yake, na muuguzi ndiye aliyemweleza, mwanamke kwa mwanamke, nani wamekaa na kwa sababu gani. Akamwomba aseme lolote alilonalo.

"Nimesikia mmekaa kokwet," sauti yake ikasema. "Baba yangu atafurahi kusikia hivyo. Mimi nina mawili. La kwanza: huyo mtu asiniombe msamaha kwenye simu. Hakuniambia mimi kwenye simu. Alisema kwenye kituo cha chai, watu wakiwa wamepanga foleni. Akayaseme pale pale, mbele ya watu wale wale, mchana."

Mlinzi akainamisha kichwa.

"Na la pili?" akauliza dereva wa basi.

"La pili ni la mume wangu. Uliposikia nimeondoka, ulimpigia mama yako. Ukampigia kaka yako. Ukawapigia watu wa Riyadh. Mimi ulinipigia lini?"

Yule wa bohari alikuwa amekuja kama mwenye haki peke yake. Akamtazama muuguzi, ambaye hakumsaidia. Mwisho akaisogelea simu, akasema na mkewe kwa Kikipsigis, polepole. Sitaandika aliyosema. Wengine hawakuelewa lugha, nao wakageuza nyuso kuelekea baharini mpaka alipomaliza.

Kisha dereva wa basi akasimama kufunga. Nimewasikia wazee wengi wakifunga baraza, na nasema bila aibu kwamba sijasikia aliyefunga vizuri kuliko dereva yule wa basi la shule, Mkamba, kwenye nyasi za Jeddah. Alirudia ya kila mtu. Alirudia la moto, la faini, la kushikana mikono. Alirudia hata mzaha wa mfalme na mvua. Hakupotosha neno la mtu. Alipofika mwisho, uamuzi ulikuwa umekwisha kukaa katikati yetu, hakuhitaji kuutangaza. Mlinzi angerudi nyumbani likizo ijayo, akasimame pale kituoni mchana, aseme. Yule wa bohari angempigia mkewe kwanza, siku zote, kabla ya kumpigia mtu mwingine. Na mimi ningekwenda na mlinzi kama sikio la baraza, nione, kisha niwaambie wote.

"Kuna mwenye neno lililobaki?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa nalo. Yule wa bohari akachukua chupa ya chai, akamimina kikombe, akakisukuma kuelekea kwa mlinzi bila kumtazama. Mlinzi akakinywa.

Nilipomrudia mzee wangu, alikuwa amesimama, fimbo mkononi.

"Sikuelewa neno hata moja," akasema. "Lakini niliangalia. Mlinzi wako aliposimama, hakuna aliyemzomea. Yule mwanamke aliposema, mlinyamaza wote." Akaanza kutembea kuelekea garini, nami nikambebea kiti. "Babu yangu angekaa na nyinyi," akasema.

Nilifungua mlango wa gari nikiwa nimenyoosha mgongo kuliko kawaida. Miaka yote ya kuitwa dereva, na kuharakishwa kwa yalla huku na yalla kule, siku ile nilijiona nimetoka mahali.

Likizo ilipofika tulikwenda. Kituo cha chai ni kibanda cha mabati kando ya barabara, kina mizani inayoning'inia na sakafu ya saruji. Mchana ule lori la kiwanda lilikuwa halijafika, na watu walikuwa wengi, vikapu vimejaa majani mabichi. Mke wa yule wa bohari alikuwepo kwenye foleni na kikapu chake. Alikuwa amesharudi nyumbani kwake, na mama mkwe alikuwa kando yake, amevaa kitambaa cha kanisani.

Mlinzi alivua kofia. Akamwomba karani wa mizani asimamishe kazi kidogo.

"Nilisimama hapa," akasema, na sauti ilikuwa nzima, "nikasema kwamba ndugu yetu wa Jeddah ana mke mwingine na mtoto. Ni uongo. Niliona picha ya mtoto wa mtu mwingine, nikatunga. Mliosikia, na mliowapelekea wengine, naomba muwapelekee na hili."

Wanawake walitazamana. Mmoja, ambaye nadhani ndiye aliyeuliza swali lile la mwanzo, alifunika mdomo kwa leso. Mama mkwe alinyoosha mkono akashika kikapu cha mkwewe, upande mmoja wa mpini, ikawa wanakibeba wawili.

Yule mke alimtazama mlinzi.

"Nimesikia," akasema. Kisha akamgeukia karani. "Haya, pima majani, yananyauka."

Jioni nikapiga simu Jeddah. Walikuwa wamekusanyika chumbani kwa dereva wa basi wakinisubiri, na muuguzi alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Nikawasimulia kwa mpangilio, ya kila mtu, bila kuongeza langu. Waliuliza maswali mengi: alisimama wapi, sauti ilikuwaje, mama mkwe alivaa nini. Yule wa bohari hakuwepo miongoni mwao.

"Yuko nje," akasema dereva wa basi. "Anaongea na mkewe tangu saa kumi."